Wema wa Karani Hauozi

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mwera, Pangani)



 Halmashauri ya Chama imeniagiza niseme juu ya wema wa kila siku, na jinsi wema huo unavyomrudia mwenye kuutenda. Najua jambo hili si geni masikioni mwenu, kwani wazee wa pwani walikwisha kulisema kwa maneno mawili tu: Wema hauozi. Waislamu wana habari ya thawabu, na ya sadaka iendeleayo hata baada ya mtu kufa. Wakristo wana habari ya mpanzi na mavuno yake. Nao majirani zetu Wahindu, waliokaa pwani hii tangu zamani za babu zetu, wana neno lao karma, ambalo katika lugha yao ya kale maana yake ni tendo. Asemapo Mhindu karma ataka kusema ya kuwa tendo halipotei. Lina mbegu ndani yake, nayo itaota, ikiwa njema au ikiwa mbaya.

Sikusimama hapa kueleza dini ya mtu yeyote, maana kila dini ina wenyewe walio na elimu yake. Nimekuja na swali la kazi. Kwa sisi tukaao nyuma ya meza, wenye kushika kalamu na daftari na mihuri, wema huo ni kitu gani khasa? Nao hurudi kwa njia gani?

Natuanze na kitu kilicho karibu nasi. Huku kusini ya Mto Pangani ndiko kuliko Kikogwe. Katika mwaka wa 1893 bwana mmoja Mjerumani, mtaalamu wa kilimo, Dr. Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, katika nchi ya Marekani. Safari ilikuwa ndefu, na miche mingi ikafa. Iliyosalia hai ilikuwa 62 tu. Hiyo ikapandwa Kikogwe. Kutokana na miche ile 62 yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe, hata Morogoro na Lindi. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikawa mbele ya nchi zote za dunia. Sisemi haya kwa kuusifu mkonge, maana wengi walilia katika mashamba yake. Nasema ili tuone ya kuwa jambo dogo mno, likiisha kuwekwa katika udongo, halimwulizi tena mpanzi wake ruhusa ya kukua.

Mashamba yale yalihitaji watu, na watu wakaletwa kutoka mbali: Wanyamwezi, Waha, Wangoni, Wabena, Warundi, Wamakonde na wengineo. Mwaka wa 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi ya kuwatafutia wafanya kazi, nayo ikajulikana kwa jina la Silabu. Watu walioletwa wakaitwa manamba, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa na namba yake. Kila mmoja alipewa kipande, yaani karatasi yenye nafasi 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopimiwa hutiwa alama. Siku asiyomaliza haihesabiwi. Zikitimia alama 30 ndipo alipwe mshahara wake.

Sasa fikirini, ndugu zangu, ni nani aliyeishika kalamu ile. Hakuwa bwana mkubwa wa shamba. Alikuwa karani, Mwafrika kama sisi, aliyepata bahati ya kusoma. Alama moja iliyosahauliwa ilikuwa siku nzima ya jasho iliyopotea, wala mwenye jasho hakujua kusoma hata aisahihishe. Katika ncha ya kalamu ile palikuwa na haki ya mtu na chakula cha watoto wake.

Natuchukue mfano. Kijana atoka Kigoma katika mwaka wa 1950, hajui kusoma wala kuandika, aja mashambani kwa mkataba. Karani amwuliza jina lake, naye alitaja kwa matamshi ya kwao. Karani wa namna moja alisikia nusu, akaandika lililomjia, akaita, "Mwingine!" Karani wa namna ya pili akamwomba alitaje tena, akalitamka mwenyewe ili ahakikishe, akaandika na jina la baba yake na la kijiji chake. Tofauti ya makarani hawa wawili ilikuwa dakika moja. Wote wawili walipata mshahara uleule mwisho wa mwezi, wala hakuna aliyesifiwa.

Miaka ikapita. Yule kijana akaoa huku pwani, akazaa, akazeeka, akafa. Leo mjane wake au mjukuu wake aja ofisini na makaratasi yake mkononi, akitafuta mirathi, au cheti, au kitambulisho cha taifa. Ikiwa katika karatasi moja jina ni hili na katika nyingine ni lile, ataambiwa aende akale kiapo, alete mashahidi, arudi tena. Na mashahidi wako wapi? Wenziwe wa kambini wamekwisha kufa au wamerudi makwao. Ama yule ambaye babu yake aliandikwa sawasawa, yeye hupita mlangoni na kwenda zake, wala hajui kamwe ya kuwa alitendewa wema kabla hajazaliwa.

Huo ndio wema nisemao kuwa hauozi. Umekaa ndani ya daftari zaidi ya miaka 70, na mwenye kuutenda yumkini yu kaburini, na hakuna anayelijua jina lake. Hata hivyo bado wafanya kazi. Na uzembe wa yule mwenziwe nao bado wafanya kazi. Wengi wetu twadhani wema ni kutoa fedha, au kumpa mtu nguo, au kulisha maskini. Mambo hayo ni mema, lakini mshahara wa karani ni mdogo nao wajua kwisha upesi. Wema ambao hauna kikomo kwetu ni huu wa kuifanya kazi ya mtu asiyejua kusoma kana kwamba atajua kuikagua.

Labda mmoja wenu atauliza, "Hiyo si kazi yetu tuliyoajiriwa? Kwa nini iitwe wema?" Swali hilo lafaa. Kazi ni kuandika jina. Wema ni kuuliza mara ya pili. Kazi ni kumwambia mtu ya kuwa karatasi yake ina upungufu. Wema ni kumweleza upungufu wote kwa mara moja, ili asirudi mara tatu kwa mapungufu matatu. Mtu wa hapa Mwera akiwa na haja katika ofisi za Wilaya, hana budi kwenda mpaka Bweni, kisha avuke mto kuingia mji wa Pangani. Ana nauli ya kwenda na ya kurudi, na shamba lake limelala siku hiyo. Akifika akaambiwa "Njoo kesho", mwenye kusema ametumia maneno mawili, bali mwenye kusikia amelipa siku mbili. Tukiyapima maneno yetu kwa gharama ya msikilizaji, wengi wetu tungeyapunguza.

Sasa niseme juu ya kurudi kwake. Watu wengine hudhani wema ni kama deni: nimempa Fulani, basi Fulani atanilipa. Akikosa kulipa husema, "Fadhila ya punda ni mateke", akaapa hatamsaidia mtu tena. Huyo hakutenda wema. Alikopesha, naye alikopesha bila hati. Wazee walitufundisha namna nyingine: Tenda wema, nenda zako. Maana ya kwenda zako ni kwamba usimkodolee macho yule mmoja. Malipo hayatoki kwake. Yana njia nyingine ya kuzunguka.

Njia hiyo watu wa nchi yetu waliijua zamani, nao waliifanyia desturi, nayo ni utani. Mmejua utani wa Wazigua na Wanyamwezi, uliotokana na safari za misafara kati ya bara na pwani. Mzungu mmoja aliyekaa Amani, R. E. Moreau, aliandika habari za utani wa makabila ya Tanganyika katika mwaka wa 1944, kwa kuwa aliona ni jambo kubwa. Mgeni husikia matusi na mzaha tu, akadhani ni utovu wa adabu. Lakini chini ya mzaha ule palikuwa na sharti zito. Mtu akifa mbali na kwao, mtani ndiye mwenye kushughulikia maziko. Katika kambi za mkonge, ambako mtu alikuwa hana mama wala shangazi, mtani alikuwa ndugu. Basi tazameni: yule aliyemzika Mnyamwezi huku pwani hakungoja Mnyamwezi yuleyule aje kumzika yeye, atamzikaje, naye yumo kaburini? Alijua tu ya kuwa siku nyingine, mahali pengine, Mzigua atakufa njiani mbali na kwao, naye atazikwa na mtu wa bara asiyemjua. Deni lilikuwa juu ya watu wote, na malipo yalitoka kwa watu wote.

Hata wataalamu wa siku hizi wamelipima jambo hili. Katika mwaka wa 2010 wataalamu wawili wa Marekani, James Fowler na Nicholas Christakis, walitangaza habari za majaribio ambayo watu wasiojuana walicheza mchezo wa kuchangia fedha katika fungu la pamoja, na kila mara wakabadilishiwa wenzao. Ikaonekana ya kuwa mtu aliyekutana na mkarimu alitoa zaidi mara iliyofuata, ingawa sasa alikuwa na watu wengine kabisa. Na athari ile iliendelea hata kwa mtu wa tatu, ambaye hakuwahi kukutana na yule wa kwanza. Wazee wetu hawakufanya majaribio, illa waliishi muda mrefu wakatazama.

Na kwa karani, mabibi na mabwana, kuna mzunguko mmoja ambao hauna shaka yoyote. Kila karani atastaafu. Siku itakuja atasimama upande wa pili wa meza, na miwani yake na makaratasi yake, akitafuta malipo yake ya uzeeni. Atakayemkuta mezani ni kijana ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kazi, au kijana aliyefundishwa na yule aliyemfundisha. Ikiwa alimfundisha kusema "Njoo kesho", basi ndilo neno atakaloambiwa. Desturi ya ofisi haiandikwi katika kanuni. Hurithiwa kwa macho. Kijana mpya hutazama mkubwa wake ampokeavyo mwanamke wa shamba mwenye mtoto mgongoni, na ampokeavyo tajiri mwenye motokaa, kisha hujua kazi ya ofisi ile ni nini.

Tunao mfano wa waliotutangulia katika mji wa Tanga. Mwaka wa 1922 watumishi Waafrika wa Serikali walianzisha chama chao pale, na kiongozi wao alikuwa Martin Kayamba, Mbondei aliyezaliwa Unguja mwaka wa 1891. Nyakati zile mtumishi Mwafrika alikuwa na cheo kidogo na mshahara mdogo, na ilikuwa rahisi kila mtu kujitenga na kabila lake na dini yake. Wao waliwaweka Waislamu na Wakristo katika chama kimoja, na watu wa makabila mbalimbali wakaitana ndugu. Mtu aliyehamishiwa Tanga, asiyemjua hata mmoja, alipata mahali pa kukutana na wenziwe. Jambo hilo lilikuwa dogo. Lakini katika mwaka wa 1929 chama cha Waafrika kilipoanzishwa Dar es Salaam, watumishi wa Serikali walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake; na chama hicho ndicho kilichogeuzwa kuwa TANU mwaka wa 1954, na mwaka wa 1961 nchi ikapata uhuru. Hakuna aliyekaribisha mgeni Tanga mwaka wa 1922 akasema, "Natengeneza nchi." Alimkaribisha mgeni tu.

Wala tusimsahau marehemu Shaaban Robert, mzaliwa wa pande za Tanga, aliyezaliwa mwaka wa 1909 na kufariki mwaka wa 1962. Watu humsifu kwa ushairi wake, na kusahau ya kuwa alikuwa karani wa Serikali zaidi ya miaka 30, katika forodha na katika ofisi nyinginezo. Utu aliouhubiri katika vitabu aliuandika baada ya saa za kazi, akiwa ametoka mezani kama sisi. Basi asiseme mtu ya kuwa kazi ya ofisi hukausha moyo. Meza hiyohiyo yaweza kuulisha.

Lakini yanipasa kutoa onyo, maana kuna vitu viwili vijifanyavyo wema, navyo si wema. Cha kwanza ni upendeleo. Watu 20 wamekaa bencini tangu alfajiri. Aja binamu yangu saa nne, nami namwita ndani. Binamu atanisifu nyumbani kwa ukarimu wangu. Lakini ukarimu ule niliutoa mfukoni mwa nani? Niliutoa katika saa za watu 20 waliotangulia. Wema hautolewi kwa mali ya wengine. Cha pili ni bakhshishi. Wako wasemao, "Mkono mtupu haulambwi", wakaifanya methali hiyo kuwa sheria ya ofisi. Anayelipwa kwa kutenda haki ameiuza haki. Na asiye na cha kununulia atakwenda zake bila haki. Huyo hapandi mbegu yoyote. Anakula mbegu za mwenziwe.

Kwa hiyo naomba kuwawekea mbele yenu mambo manne, mwenye kuyapenda ayachukue.

Kwanza, jina la mtu liulizwe mara mbili na kuandikwa mara moja, kwa herufi zinazosomeka. Jina ndilo mali pekee ambayo maskini aja nayo ofisini.

Pili, kila ajaye na haja aambiwe yote yanayotakiwa kwa siku moja, na ikiwa hajui kusoma, aandikiwe katika kipande cha karatasi ampelekee mtoto wake amsomee.

Tatu, tuwatazame kwa jicho la huruma wale wazee wa mashambani waliobaki. Mkonge ulipoanguka bei, na mashamba mengi yakadhoofika, walikuwako waliokosa nauli ya kurudi kwao, na waliokwisha kusahauliwa huko kwao. Hawana ukoo hapa wa kuwasemea. Mtu asiye na wa kumsemea ndiye kipimo cha ofisi.

Nne, mkubwa wa ofisi amfundishe kijana mpya adabu kabla ya kumfundisha majalada. Kosa la jalada husahihishwa kwa karatasi nyingine. Kosa la adabu huenda na mtu hata nyumbani kwake, akalihadithia kijiji kizima.

Bwana Mwenyekiti, huenda tukayatenda haya yote na tusipate asante hata moja. Mjane aliyesaidiwa atakwenda zake, mzee atakufa, daftari litafungwa na kuwekwa rafuni. Hayo yasituvunje moyo. Miche 938 ilikufa katika safari ya kuja Kikogwe, na hiyo 62 ikatosha. Wema wetu mwingi nao utakufa njiani. Mwingine utaota mahali tusipopajua, na mtoto wa mtu atapita mlangoni bila kuzuiliwa, asijue ni kwa nini. Na huyo mtoto wa mtu, ndugu zangu, huenda akawa mtoto wako.